Samani za Rasi na Mikono Iliyozichonga

Namba 35, Strand Street, katikati ya Cape Town, ni nyumba ya ghorofa moja iliyobanwa na majengo marefu ya maofisi. Magari hupita mbele yake kutwa nzima, na watu wanaokimbilia kazini hawana muda wa kuigeuzia shingo. Ndani kuna vyumba ambavyo kuta zake zimechorwa kwa rangi hadi zikaonekana zina nguzo na fremu za kuchonga, ilhali ukiziangalia kwa ubavuni unakuta ni bapa. Na kuna makabati. Mimi nilisafiri hadi huku kwa ajili ya makabati hayo.

Kabati la Rasi, yaani Cape, la karne ya 18 halikutengenezwa ili lifichwe chumbani. Lina milango miwili mipana, kichwa chake kimepindwa mawimbi, droo za chini zimetuna kwa mbele, na zigo lote hilo linasimama juu ya miguu iliyochongwa mfano wa kucha za ndege zilizoshika tufe. Kila tundu la ufunguo limezungushiwa bamba la shaba au la fedha lililokatwa kwa nakshi. Juu kabisa hupangwa vyombo vitano vya kaure, vyeupe vyenye michoro ya buluu: vitatu vya kufunikwa na viwili virefu vilivyo wazi mdomoni. Mwenye nyumba aliliweka mahali ambapo mgeni akivuka kizingiti tu, macho yake yanalikuta.

Nyumba hii ilianza mwaka 1701 mikononi mwa Reynier Smedinga, mfua dhahabu, kisha wamiliki waliofuata wakaipandisha na kuipamba hadi ikapata sura yake ya sasa mwishoni mwa karne hiyo ya 18. Leo inaitwa Koopmans-de Wet House kwa ajili ya Marie Koopmans-de Wet, aliyezaliwa 1834 na kufariki 1906, mwanamke aliyekusanya samani, kaure na vyombo vya fedha vya Rasi wakati fasheni ya mjini ilikwisha kuhamia kwa vitu vya Kiingereza. Mwaka 1913 mali zikapelekwa mnadani. Watu wakachanga fedha, nyumba ikaokolewa, na mwaka 1914 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Nimeingia makumbusho nyingi za nyumba za watu, na ni chache zinazoonyesha kama hii kwamba aliyekusanya vitu hivi alivipenda, akavitumia na akavikalia.

Sisi tuliokulia Dar es Salaam wakati wa harakati za ukombozi tuliijua Afrika Kusini kuwa nchi ya Makaburu. Redio ilitutajia Robben Island, na Mazimbu kule Morogoro kulikuwa na vijana waliokimbia kutoka huko. Hakuna aliyetuambia kwamba nchi hiyo ina viti. Nasema hivi kwa sababu nilipoanza kupenda samani za Waholanzi wa Rasi, kupitia picha za vitabuni na mazungumzo ya mafundi, niliona haya kidogo kuwaambia watu. Sasa sioni haya tena, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike.

Tuanze na mbao. Samani za Rasi zimesimama juu ya miti miwili. Wa kwanza Waafrikana huuita geelhout, mti wa manjano. Mbao zake zina rangi ya asali changa, na ndizo zilizotoa boriti, sakafu na dari za nyumba nyingi nzuri za huko. Ni ndugu wa mti ambao maseremala wetu wa Kenya na Tanzania huuita podo. Wa pili ni stinkhout, mti unaonuka ukikatwa ungali mbichi, mweusi wa kahawia, mgumu, unaong'aa bila kubembelezwa. Jina lake la kitaalamu ni Ocotea bullata, na ndugu yake wa damu, Ocotea usambarensis, ndiye mkulo wa milima yetu ya Usambara. Nimekulia jirani na karakana ya seremala, na nilipoinama kutazama upande wa ndani wa mlango wa kabati pale Strand Street, ambako vanishi haikufika, nilizitambua nyuzi za mbao hizo kabla sijasoma kibandiko. Mafundi wa Rasi waliioanisha miti hiyo miwili kwa makusudi: fremu ya stinkhout, kidirisha cha kati cha geelhout, giza likizunguka mwanga.

Miti hiyo haikutoka karibu. Misitu ya jirani na mji ilikatwa mapema, na kufikia miaka ya 1770 Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, yaani VOC, ilikuwa imeweka wakata miti wake mbali kule mashariki, upande wa milima ya Outeniqua. Kwa hiyo ubao mpana ulikuwa mali. Seremala aliupima mara mbili kabla hajaugusa kwa msumeno, na vipande vilivyobaki vikawa pande za droo na migongo ya masanduku. Ukitaka kujua hali ya kifedha ya nyumba yoyote ya Rasi, usitazame kabati kwa mbele. Omba uonyeshwe mgongo wake.

Kutoka Strand Street ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Bo-Kaap, kwenye mteremko wa Signal Hill, mtaa wa Waislamu wa Cape Town. Wageni huenda huko kupiga picha za nyumba za rangi. Mimi nilikwenda namba 71, Wale Street, nyumba ya mwaka 1768 ambayo ndiyo makumbusho ya mtaa huo, na nilipofika mlangoni nilijihisi nimefika kwetu. Mbele yake kuna baraza iliyoinuliwa, na kila ncha ya baraza ina kiti cha kujengea, cha mawe na chokaa, cha kukalia jioni na kusalimiana na wapita njia. Waholanzi wa Rasi waliijenga baraza hiyo mbele ya nyumba zao zote, za matajiri kwa za maskini. Ila Wale Street inakaliwa namna tunavyoijua sisi: wazee wametoka sala ya alasiri, mmoja amekaa, mwingine amesimama na mkono umeegemea ukuta, na habari za mtaa zinapita kati yao.

Waliojenga uhai wa mtaa huu ni watumwa walioachwa huru, wahamishwa na watoto wao: watu wa Java, wa Sulawesi, wa Bengal, wa Malabar, wa Madagaska, wa Msumbiji. Msikiti wa Auwal, wa kwanza katika Afrika Kusini, ulianzishwa hapa mwishoni mwa karne ya 18. Watoto wa madrasa waliandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu, kama mababu zetu wa Lamu na Unguja walivyoandika Kiswahili. Wanaume wa mtaa walikuwa mafundi: washona nguo, waashi, maseremala. Hapo ndipo nilipoanza kutembea katika nyumba nyingine zote na swali moja kichwani.

Stellenbosch iko umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Cape Town. Mji ulianzishwa mwaka 1679 na Simon van der Stel, kamanda wa Rasi aliyeupa jina lake. Mialoni mikubwa imefunika barabara, na mifereji ya maji inapita kando ya vijia. Makumbusho ya mji yamekusanya nyumba nne zilizo karibu karibu, kila moja ikiwa na samani za wakati wake, na unazipitia kwa zamu kutoka mapema karne ya 18 hadi katikati ya karne ya 19. Nne zote ni nzuri. Moja peke yake ndiyo iliyonikamata.

Schreuderhuis ilijengwa mwaka 1709 na Sebastian Schreuder, Mjerumani aliyekuwa mtumishi wa Kampuni. Mwaka uliofuata moto uliteketeza sehemu kubwa ya kijiji, na nyumba hii ikasalimika. Ni ndogo. Kuta ni nene na nyeupe, madirisha ni machache na madogo, dari liko karibu na kichwa. Mlango umekatwa katikati kwa mlazo, vipande viwili, ili cha chini kizuie kuku na mbwa na cha juu kiingize mwanga na hewa. Ndani kuna meza, viti vichache, kitanda, masanduku, na jiko la wazi lenye vyungu vya chuma vinavyoning'inia. Hakuna kioo kikubwa wala zulia. Kila kitu kina kazi, na umbo la kila kitu limetokana na kazi yake.

Mwanamke anayetunza nyumba hiyo alikuwa amevaa gauni refu la karne ya 18 na kitambaa cheupe kichwani, kama desturi ya makumbusho yale. Nilimwamkia kwa kumwita Antie, kama nilivyosikia wenyeji wakiwaita kina mama wa rika lake, akacheka, akaanza kunizungusha. Alinionyesha kisanduku cha mbao chini ya kiti, kidogo cha kubebwa kwa mkono mmoja, chenye matundu yaliyotobolewa kwa mpangilio wa ua upande wa juu. Ndani huwekwa kibakuli cha makaa ya moto. Zamani mwanamke alikaa akishona, akaweka miguu juu ya kisanduku, sketi zake pana zikafunika, na joto likabaki humo. "Baridi ya Julai hapa inaanzia miguuni," alisema, akagonga sakafu kwa kisigino. Nilikitazama kisanduku kile kwa muda mrefu kuliko kabati lolote. Kingo zake za juu zimelika upande mmoja zaidi ya mwingine. Kuna mtu aliyekuwa akikaa akiwa ameegemea kulia, jioni baada ya jioni, mpaka mbao zikamkubali.

Kisha akanieleza habari ya dari. Nyumba za Rasi ziliezekwa kwa nyasi ngumu za pori la huko, na upepo wa kusini-mashariki ukivuma wakati wa kiangazi, cheche moja ingeweza kuchoma mtaa. Mafundi hawakuweza kuuondoa moto juu ya paa, kwa hiyo wakauzuia usishuke. Juu ya boriti waliweka mbao au matete, na juu yake wakatandika tabaka nene la udongo. Paa likiungua, linaungua peke yake. Tabaka lile linashika majivu na makaa, na watu waliomo ndani wanapata nafasi ya kutoa watoto na samani. Samani nyingi tunazozisifia leo kwenye makumbusho zipo kwa sababu ya udongo ule uliojificha darini, ambao hakuna mgeni anayeupiga picha.

Upana wa vyumba nao ulitokana na mbao. Boriti ya paa ilikuwa na urefu wake, na chumba hakikuweza kuuzidi; ndiyo maana nyumba za Rasi zilikua kwa kurefuka na kujikunja, zikachukua maumbo ya herufi T, U na H. Mtu wa pwani yetu hahitaji maelezo marefu hapo. Vyumba vya Lamu na Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu hiyo hiyo, ila boriti zetu zilitoka kwenye mikoko. Chokaa pia: sisi tulichoma mawe ya matumbawe, wao walichoma makombe ya baharini. Ukuta wa udongo bila chokaa huyeyuka kwa mvua za baridi za Rasi, hivyo weupe ule unaosifiwa kwenye kalenda ulikuwa koti la mvua kabla haujawa urembo. Sakafu za awali zilikuwa za udongo uliopakwa kinyesi cha ng'ombe, na wengine walizipandikiza kokwa za mapichi, moja kando ya nyingine, zisilike upesi.

Viti ndivyo vilivyonikalisha chini kwa maana zote mbili. Kuna viti vya kifahari vyenye migongo ya kupinda, na Rasi ina aina yake yenyewe, inayojulikana kwa jina la gavana Ryk Tulbagh aliyetawala 1751 hadi 1771: mistari ya Kiingereza iliyopunguzwa madoido hadi ikabaki mifupa. Ila kiti ninachokihusudu ni kile cha shamba, kilichowambwa kwa kanda za ngozi. Ngozi ya ng'ombe au ya paa hukatwa kanda ndefu nyembamba, huloweshwa, kisha hupitishwa kwenye matundu ya fremu na kusukwa mraba kwa mraba. Ikikauka inajivuta na kukaza mpaka ukiigonga inalia. Nani kati yetu hajalalia kitanda cha kamba? Fundi anayewamba kitanda Bagamoyo angeielewa kazi hii bila mkalimani. Makumbusho moja niliyopita ilikuwa na kiti cha kukaliwa na wageni. Nilikikalia. Kinakupokea, kinashuka kidogo, kinasimama.

Nyumba mbili zinazofuata pale Stellenbosch nilizipitia kwa haraka zaidi. Blettermanhuis, ya mwaka 1789, ni ya Hendrik Bletterman, hakimu wa mwisho wa wilaya chini ya Kampuni. Ina umbo la H na kuta sita za mapambo zinazochomoza juu ya paa, na ndani unaona fedha imeingia: kaure kutoka China na Japani, viti vya seti, vioo. Grosvenor House ina ghorofa na paa bapa, ya kimji. Ya mwisho, ya katikati ya karne ya 19, imejaa mazulia, mapazia mazito na vitu vidogo vidogo juu ya kila meza, na nilitoka nikatafute hewa.

Sasa swali langu. Nani alichonga? Katika makabati yale ya Strand Street, bamba la fedha linaweza kuwa na mhuri wa mfua fedha, herufi mbili tatu zilizogongwa, na wataalamu wakakuambia jina lake, karakana yake na miaka yake. Mbao zilizobeba bamba hilo, zilizochukua wiki nyingi za randa na patasi, karibu kila mara hazina jina lolote. Samani za Rasi hazikuwekewa saini. Baadhi ya mafundi walikuwa Wazungu wa Kampuni, wengi wao Wajerumani. Lakini karakana za Rasi ziliendeshwa pia kwa mikono ya watumwa wenye ujuzi, na bwana aliyekuwa na mtumwa seremala alimkodisha kwa majirani, ujira ukaingia mfukoni mwake.

Kati ya 1652, alipofika Jan van Riebeeck wa Kampuni, na 1808, ilipokomeshwa biashara ya kuwaingiza watumwa, takriban watu 63,000 waliletwa Rasi utumwani. Wanahistoria wanakadiria kwamba karibu robo walitoka India, karibu robo visiwa vya Indonesia, robo nyingine Madagaska, na waliobaki bara la Afrika, hasa kupitia Msumbiji. Pwani yetu pia imo. Kati ya 1776 na 1778 meli za Kampuni zilipanda hadi pwani ya Waswahili kununua watu, na Zanzibar ilikuwa mojawapo ya bandari zilizofikiwa. Kumbukumbu za safari hizo zimesalia.

Kampuni ilikuwa na Baraza la Mayatima lililosimamia mirathi. Mtu akifa, makarani waliingia nyumbani kwake na kuandika kila kitu, chumba kwa chumba: sebuleni kuna hiki na kile, chumbani kitanda na mapazia yake, jikoni masufuria ya shaba. Na katika orodha hiyo hiyo, kwa mwandiko huo huo, waliandikwa watumwa, jina la kupewa na nchi walikotoka, fulani wa Bengal, fulani wa Madagaska, fulani wa Msumbiji. Leo watunza makumbusho wanaotaka kujua kabati lilisimama upande gani wa chumba wanafungua orodha hizo. Uzuri wa vyumba hivi umerejeshwa kwa msaada wa karatasi zilizohesabu watu pamoja na vijiko. Sijui namna ya kuitazama sebule ya Rasi bila kulikumbuka hilo, na naona asiyelikumbuka hajaiona sebule yenyewe.

Hapo ndipo haya yangu ilipokwisha. Nilikuwa nikidhani napenda kazi ya Makaburu. Kumbe nilikuwa napenda kazi ya bahari nzima ya Hindi: umbo la Uholanzi, mti wa Afrika, mkono wa Malabar au wa Java, kaure ya Arita iliyoagizwa na Kampuni ikiwa na herufi zake VOC katikati ya sahani. Hata wale wasanii wakubwa wanaotajwa kwa majina, Louis Michel Thibault aliyechora majengo na Anton Anreith aliyechonga mapambo, mmoja alitoka Ufaransa na mwingine Ujerumani. Nyumba hizi ziliitwa za Kiholanzi kwa sababu Mholanzi ndiye aliyekuwa na hati ya kiwanja.

Groot Constantia, nyuma ya Table Mountain, ndiyo nyumba maarufu kuliko zote, na watalii humwagwa na mabasi hapo tangu asubuhi. Simon van der Stel alipewa ardhi hiyo mwaka 1685. Hendrik Cloete aliinunua mwaka 1778, akafufua mizabibu, na divai yake tamu ikaagizwa na wafalme wa Ulaya na kufikishwa hata kwa Napoleon kisiwani St Helena. Nyumba inasimama mwisho wa njia ya mialoni, nyeupe kabisa, na ukuta wa juu ya mlango umepanda angani kwa mistari ambayo siwezi kuikosoa. Nyuma yake kuna ghala la divai la 1791, na mbele ya ghala hilo Anreith aliumba kwa lipu kijana Ganymede na tai, wakizungukwa na watoto wanaocheza. Ni kazi ya furaha. Unaitazama na uso wako unalegea.

Ndani, hata hivyo, nilipoa. Mwaka 1925 nyumba iliungua vibaya, ikajengwa upya chini ya mbunifu F. K. Kendall, na samani nyingi zilizomo ni mkusanyo uliotolewa na Alfred de Pass baada ya moto. Ni vitu bora, kimoja kimoja ni bora kuliko chochote kilichoko Schreuderhuis. Lakini havikuzeeka pamoja. Hakuna kingo iliyolika kwa sababu ya dirisha lile pale, hakuna kiti kilichosogezwa kwa miaka hadi kikaacha alama sakafuni. Nilichokithamini zaidi Groot Constantia ni kwamba makumbusho hayo sasa yanaeleza maisha ya watumwa wa shambani humo humo ndani ya nyumba ya bwana.

Safari yangu iliishia Tulbagh, zaidi ya kilomita 100 kutoka Cape Town, bondeni kati ya milima. Usiku wa tarehe 29 Septemba 1969 tetemeko la kipimo cha 6.3 liliupiga mji huo. Nyumba za Church Street zilipasuka, na lipu ilipodondoka, maumbo ya zamani yaliyokuwa yamefunikwa na marekebisho ya miaka mingi yakajitokeza. Badala ya kuzibomoa, wasanifu wakiongozwa na Gawie Fagan walizirejesha, na leo kuna majengo 32 ya urithi yaliyopangana katika barabara moja, pamoja na kanisa la mwaka 1743 ambalo limegeuzwa makumbusho yenye samani za wilaya hiyo. Nilitembea Church Street asubuhi, jua likiwa bado chini, na nikaridhika kwamba hakuna barabara nzuri zaidi ya kutembea katika Rasi yote.

Na ni lazima niliseme hili kwa sababu ni la kweli na liko karibu. Tarehe 11 Februari 1966 serikali iliyokuwa ikiilinda barabara kama hii iliitangaza District Six, katikati ya Cape Town, kuwa eneo la Wazungu. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa, na nyumba zao zikalazwa chini na matingatinga. Wengi wao walikuwa wajukuu na vitukuu wa watu walewale wa Bengal, Madagaska na Msumbiji. Masanduku yao, viti vyao na makabati yao ya kurithi yalitawanyika. Nchi moja, miaka ileile, ilijua vizuri namna ya kuokoa mlango wa karne ya 18, na ilichagua ni mlango wa nani uokolewe.

Kwa msomaji atakayepata nafasi ya kwenda, nina ombi la mpangilio. Usianzie Groot Constantia kama mabasi yanavyofanya. Anzia Slave Lodge, jengo la 1679 kwenye kona ya Adderley Street na Wale Street, mahali Kampuni ilipowalaza watumwa wake, kisha zunguka nyuma yake hadi Church Square ukasome majina yaliyochongwa kwenye vitalu 11 vya mawe vilivyowekwa mwaka 2008. Baada ya hapo nenda Strand Street, nenda Bo-Kaap, na uitengee Stellenbosch siku nzima. Ukifika kwenye kabati, uliza nani alilichonga, na umuulize mwongozaji kwa sauti ya kusikika na wageni wengine. Makumbusho hubadilisha vibandiko vyake pale maswali yanapokuwa mengi.